Ziwa Ngosi Mbeya, kupanda na kurudi siku moja, sisi wa Dar tunaweza?

mwanaTabata
Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Naombeni msaada kwa mliowahi kufika Ziwa Ngosi kule Mbeya, lile la juu mlimani. Mimi naishi Segerea, kazi yangu ya ofisini, likizo nimepata mwezi wa saba kwaiyo tumepanga kwenda mimi, wife, shemeji yangu na mama mkubwa wake wife. Huyu mama ana miaka 58, kazaliwa Tukuyu akaletwa Dar bado mdogo, Ngosi anaijua kwa stori za marehemu baba yake tu hajawahi kuiona kwa macho, sasa alivyosikia tunapanga safari akasema hapa mimi sibaki, na kusema kweli natamani sana alione. Shida ana presha. Dawa anameza kila siku bila kuruka ila mlima ni mlima.

Ninachouliza, sisi tumezoea usawa wa bahari, hewa ya kule juu itatutosha au mpaka tukae siku kadhaa tuizoee? Alafu muongozaji ni lazima? Jamaa yangu kazini anasema njia ipo wazi unanyoosha tu mwenyewe. Na je kushuka mpaka chini kwenye maji inawezekana tukarudi siku hiyo hiyo bila kukimbizana na giza? Natanguliza shukrani.

BintiWaUyole
Karibuni nyumbani kaka. Mimi nipo Dar kikazi ila kwetu ni Uyole na kila nikienda likizo lazima nipande Ngosi na ndugu au wageni, ni sehemu naipenda kutoka moyoni.

Hofu ya hewa punguza. Kilele cha Ngosi kina kama mita 2,600, sio Kilimanjaro ya mita 5,895. Kuumwa kwa ajili ya mwinuko mara nyingi kunaanza kusumbua watu kuanzia mita 2,500 kwenda juu, hasa wakilala huko huko, nyie mnapanda na kushuka siku moja. Ila msidharau, kwa urefu ule kila pumzi unayovuta ina oksijeni pungufu karibu robo ukilinganisha na ya hapa Posta, kwaiyo mtu wa Dar atahema tu hata kama ni kijana wa mazoezi. Dawa ni mwendo wa pole tangu hatua ya kwanza, ukiona unatembea na huwezi kumaliza sentensi ujue unaenda mbio, punguza. Na msishuke kwenye basi leo kesho mko mlimani, laleni usiku mmoja au miwili Mbeya mjini au Uyole, Mbeya yenyewe ipo kama mita 1,700 kwaiyo mwili unaanza kuzoea wenyewe.

Siku ya safari mnaamka mapema, mnachukua gari za Tukuyu au Kyela mnashuka Isongole, pale ni nchi ya viazi mtaona magunia yamepangwa barabarani. Kutoka barabara kubwa mpaka msitu unapoanza kuna kilometa kadhaa, mnaweza kukodi gari au mkapanda bodaboda, katikati ya mashamba ya viazi na baridi inakupiga usoni. Kuanzia hapo ni miguu, saa moja mpaka mawili kutegemea na pumzi zenu. Mwanzo njia ni ya kawaida tu, baadae inapanda kweli, mnaingia kwenye mianzi na migomba pori na miti yenye mimea inayoning'inia kama ndevu, juu mbega wanaruka, chini mizizi imekatiza njia na tope jeusi linateleza hata mwezi wa kiangazi maana msitu ule haukauki. Utamuona muongozaji anakata fimbo za mianzi anampa kila mtu ya kwake, alafu yeye anaenda mbele anachoma tope kwa fimbo kabla hajakanyaga, ikizama sana anapita pembeni na nyie mnafuata nyayo zake. Mwishoni miti inaachia ghafla na unajikuta umesimama ukingoni, ziwa lote lipo chini yako, kijani, limezungukwa na kuta za msitu pande zote. Wenyeji wanasema lina umbo la ramani ya Afrika, na huwa linatajwa kuwa la pili kwa ukubwa Afrika kwa maziwa ya kreta, yaani yale yaliyo kwenye shimo la volkano. Urefu kama kilometa mbili na nusu.

Kuhusu kushuka mpaka majini naomba nikwambie bila kuficha, mama mkubwa aishie juu. Kule kushuka ukuta umesimama, sehemu zingine unashikilia mizizi kwa mikono miwili, na kurudi juu ndo kazi yenyewe inapoanzia. Wewe na shemeji kama mna nguvu na hakujanyesha mnaweza kushuka na muongozaji mmoja, mwingine akabaki na akina mama. Kuliona ziwa ni pale juu, akifika pale ameliona lote.

kamandaWaNjia
Mkuu usitishwe. Mimi nimepanda na washkaji bila muongozaji yoyote, njia inaonekana vizuri watu wanapita kila wikiendi, hiyo hela nunueni mchemsho wa ndizi pale Kiwira mkishuka. Mnaamka mapema mnapanda mnapiga picha mnarudi. Nyie watu wanne mtapotelea wapi.

mtuWaRungwe
Kamanda nakuheshimu ila hapa hapana. Kupanda siku ya jua kali kwenye njia kavu hata mtoto atakwambia njia inaonekana. Shida ya Ngosi ni ukungu. Unaweza kufika ukingoni ziwa linang'aa, ukakaa unakula chapati yako, ukungu ukapanda kutoka chini kwenye maji na ndani ya dakika chache humuoni mtu aliye mita kumi mbele yako. Pale juu kuna vijia vingi, vingine vimekatwa na watu wanaotafuta mianzi na kuni, vinaingia msituni vinafia huko, na vingine vinafuata ukingo ambapo majani na magugu yamefunika, unadhani unakanyaga ardhi kumbe chini ni hewa. Mtu wa kijiji anajua kwa miguu kipi kinarudi nyumbani.

Alafu mtoa mada ana mama wa miaka 58 mwenye presha. Akiteguka mguu kule juu nani anashuka kuita vijana wa kumbeba, wewe wa Dar usiyejua hata nyumba ya mwenyekiti? Muongozaji anapiga simu moja vijana wanapanda. Hiyo ndo hela unayolipia, sio kuonyeshwa njia tu.

Na ule msitu ni hifadhi, kuna taratibu za kuingia na ada ya serikali, ulizeni mapema ofisi za TFS, wale Wakala wa Huduma za Misitu, au pale kijijini, serikali inalipwa kwa namba ya malipo na unapewa risiti, pesa ya muongozaji mnaelewana naye mapema kabla hamjaanza kupanda. Chukueni kijana wa kijiji kile kile. Watu wale wanakaa na msitu mwaka mzima, wakiona mgeni anaacha chochote kijijini wana sababu ya kuutunza.

nesiMbagala
Mtoa mada mimi ni nesi, naongelea presha tu. Kabla ya safari, sio siku moja kabla, wiki mbili tatu, mpeleke mama kliniki anakochukulia dawa, apimwe na amweleze daktari kabisa kwamba anaenda kupanda mlima, atamke na urefu. Kama presha yake imetulia na anaweza kupanda ngazi za ghorofa tatu bila kifua kubana wengi wanaruhusiwa, ikiwa iko juu daktari atasema na mumsikilize. Dawa asiache siku ya safari eti kwa sababu zinamfanya akojoe, wamama wengi wanafanya hivyo wakisafiri na ni hatari. Aweke kwenye mkoba wa mkononi, sio kwenye begi linaloingia buti ya basi. Kuna dawa za presha zinazozuia mapigo ya moyo kwenda juu, mwenye hizo atachoka haraka mlimani, kwaiyo muacheni aweke yeye mwendo na nyie vijana mfuate nyuma yake.

Huko njiani basi likisimama kula na nyie shukeni mtembee, kukaa kwenye kiti masaa kumi na kitu damu ya miguuni inalala. Kule juu akisema kichwa kinagonga sana, kifua kinabana, anaona kizunguzungu au anaongea vitu havieleweki mnageuza hapo hapo, hakuna cha tumebakiza kidogo. Kushuka ndo tiba ya kwanza.

MzeeWaReli
Vijana hamjambo. Nimefanya kazi njia ya Mbeya miaka mingi niongezee mawili. Dar mpaka Mbeya kwa barabara ni zaidi ya kilometa 800, mabasi yanatoka Stendi ya Magufuli pale Mbezi. Mkipanda basi la Kyela linapita Uyole na Isongole kabisa bila kubadilisha gari. Chukueni linalopita Mikumi na Kitonga mchana, huyo mama aone nchi. Kama mna muda ulizeni ratiba stesheni ya TAZARA pale Barabara ya Nyerere, kwa treni mtu mzima ananyoosha miguu na kulala.

La pili hamjaligusa. Ngosi ni volkano, inakadiriwa ililipuka mara ya mwisho zaidi ya miaka 500 iliyopita, lakini chini bado kuna joto, ndio maana serikali inatafuta umeme wa jotoardhi eneo lile. Rungwe kuna sehemu zinatoa hewa ya kabonidayoksaidi ardhini, kule Busokelo inavunwa kabisa inatumika kwenye vinywaji. Hewa hiyo ni nzito kuliko ya kawaida, haina rangi wala harufu, inatuama kwenye mabonde na mashimo kama maji, na mtu akiinama kwenye shimo lililojaa anaweza kuzimia bila kujua kimemkuta nini. Ziwa Nyos la Cameroon mwaka 1986 liliitoa kwa wingi usiku mmoja wakafa watu zaidi ya 1,700. Sisemi Ngosi ni Nyos, watu wanapanda kila siku na wanarudi salama. Nasema mkishuka majini msiingie kwenye mashimo wala kujilaza mabondeni, muongozaji akisema hapa hatukai, msikae. Wenyeji wanaliheshimu sana ziwa lile, wanayo sababu.

dereva_Karatu
Kwa faida ya wengine, ambao mnaenda kaskazini mwaka huu kuna Empakaai ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, ukingo wake sehemu za juu unazidi mita 3,000, kule unaanza kwa kushuka ndani ya kreta na kurudi juu ndo mwisho. Ziwa lake lina magadi, flamingo wanakuwepo, na siku ya anga safi unaona Ol Doinyo Lengai. Muongozaji wa kule ni askari mwenye bunduki na huwezi kuingia bila yeye maana kuna nyati. Ila kwa mama huyu nakubali Ngosi, kwao ni kwao.

mwanaTabata
Shikamoo Mzee wa Reli, na wote asanteni sana, nimemsomea mama mkubwa majibu yote mezani. Kliniki tunaenda wiki ijayo dada nesi. Muongozaji tunachukua wawili kama alivyosema Binti wa Uyole, mmoja abaki na akina mama pale juu. Mazoezi tufanyie wapi hapa Dar? Na viatu, raba zinatosha au tununue mabuti? Baridi ya mwezi wa saba ikoje?

BintiWaUyole
Mazoezi nendeni msitu wa Pugu na Kazimzumbwi Jumamosi asubuhi kuna vilima vya kutosha, na kabla hamjaondoka pandeni treni ya SGR mpaka Morogoro mkatembee Morningside kwenye milima ya Uluguru mrudi jioni, mama akimudu Morningside kwa mwendo wake nitalala na amani.

Raba laini za kutembelea mjini hapana, zinateleza. Mabuti ya mvua yale ya mashambani watu wengi wanapanda nayo na yanafaa kwenye tope ila vaeni soksi nzito mbili yasichubue, na kama una viatu vya mlima vyenye meno chini ni bora zaidi. Kucha za miguu kateni fupi maana kushuka vidole vinagonga mbele.

Baridi ya mwezi wa saba ni kali kaka, kila mkipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6, na mwezi huo hata Dar kumepoa, kwaiyo sweta zito, kofia ya kufunika masikio na koti la mvua kwa kila mtu hata kama asubuhi ni jua. Wakati wa kupanda vueni sweta msiloe jasho, mkifika juu vaeni hapo hapo kabla hamjaanza picha, mama mumvalishe wa kwanza. Mkiwa ukingoni saa nne asubuhi mna nafasi kubwa ya kuliona wazi, na ikifika saa nane hata kama vijana bado wanataka kukaa mnaanza kushuka. Mkifika Uyole nitumie ujumbe inbox nikuunganishe na kaka yangu awapeleke Isongole kwa gari yake asubuhi, bei mtaelewana.