Nitaitambuaje distributa halisi ya MGB ya miaka ya 1960?

Mjukuu wa Mikindani

Ndugu zangu, baada ya salamu ninaomba msaada wa wanaoyajua magari ya zamani. Marehemu baba mkubwa ameniachia MGB ya wazi, gari dogo la michezo la Kiingereza, ambayo imekaa chini ya banda la makuti hapa Mikindani kwa miaka mingi, nami nimekusudia kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani Abingdon, Uingereza. Bodi imekamilika, kwa kadiri upepo wa chumvi wa huku ulivyoniruhusu. Kilichonikwamisha ni mfumo wa cheche. Kwenye injini imefungwa distributa moja, yaani kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi, na ndani ya kopo la maziwa ya unga nimekuta nyingine mbili zilizoviringishwa kwa kipande cha gunia la korosho, zote tatu zikiwa za kampuni ya Lucas. Koili iliyopo, ile inayopandisha volti za betri ili zitoe cheche, ni ya gari la Kijapani, na fundi wa mwisho alikuwa akibadilisha platini, vile vibati vinavyounga na kukata umeme ndani ya distributa, karibu kila mwezi bila kutueleza sababu. Namba ya chesi inaanza na GHN3 na ya injini inaanza na 18GB. Muuzaji mmoja ananishauri nizitupe zote ninunue mpya. Nifanyeje?

Fundi Umeme Ligula

Ndugu yangu, usitupe kitu. Osha ubavu wa kila distributa kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, wala usiguse msasa, kwa sababu unachokitafuta ni maandishi yaliyogongwa kwenye aluminiamu laini, na msasa huyafuta kwa mapitio mawili tu. Utaona aina yake, ama 25D4 au 45D4, kisha namba ya tarakimu tano, na karibu yake juma na mwaka wa kutengenezwa: 11 66 maana yake ni juma la 11 la mwaka 1966.

Injini ya 18GB ni ile yenye beringi kuu tano, iliyofungwa kuanzia mwishoni mwa 1964 hadi 1967, na distributa yake ni 25D4 yenye namba 40897. Ukisoma 41288, hiyo ni ya MGB zilizofuata baadaye. Aina ya 45D4 ilikuja katikati ya miaka ya 1970, kwa hiyo haiwezi kuwa imezaliwa na gari lako hata kama inawasha injini vizuri. Linganisha pia tarehe: distributa halisi lazima iwe imetengenezwa kabla ya gari kuunganishwa, kamwe si baada yake.

Mjukuu wa Mikindani

Ninashukuru sana, fundi. Iliyokuwa kwenye injini ni 45D4! Moja ya zile za kwenye kopo ni 40897, juma la 9 la mwaka 1966, na kopo lake la vakyumu, lile la ubavuni linalovutwa na hewa ya injini, limegongwa 5-13-10. Namba hizo tatu zinasema nini?

Mstaafu wa Mtanda, Lindi

Mwanangu, hapo umepata kitu. Namba ya kwanza ni mvuto ambao vakyumu huanza kuitanguliza cheche, yaani inchi 5 za zebaki. Ya pili ni mvuto unaofikia kikomo, inchi 13. Ya tatu ni nyuzi 10 za distributa, ambazo kwenye kranki, shafti kuu ya injini, huwa 20, kwa kuwa distributa huzunguka mara moja kila kranki inapozunguka mara mbili. Kopo hili hubadilishwa mara kwa mara, na mafundi wengi hufunga lolote linaloingia, ndiyo maana kulisoma ni muhimu sawa na kuisoma distributa yenyewe. Chomeka mpira mwembamba, uvute kwa mdomo, kisha uzibe kwa ulimi: sahani ya platini ikisogea na kubaki pale, kiwambo cha ndani ni kizima. Ikirudi polepole, kimetoboka. Mimi nimefanya hivyo tangu nikiwa kijana na ladha yake sijaisahau.

Rota, kile kipande kinachozunguka juu ya shafti ya distributa, uichunguze pia. Nyingi za sasa zina ribiti inayoshika bati la juu, na umeme hupenya kupitia hapo hadi kwenye shafti, gari likazimika njiani bila dalili. Kama ya zamani haina ufa, iendelee kutumika.

Fundi Umeme Ligula

Nirudi kwenye koili, kwa maana ninadhani siri ya platini iko huko. Gari hili lilitoka na koili ya HA12, ambayo ukiipima kwa mita kati ya vichwa vyake viwili vidogo husoma takriban omu 3.1 hadi 3.5. Koili nyingi za Kijapani zimetengenezwa kufanya kazi pamoja na rezista ya nje, na zenyewe husoma takriban omu 1.5 tu. Ukiifunga hiyo moja kwa moja kwenye volti 12, platini hubeba hadi ampea 8 badala ya 4 zisizotimia, nazo huungua. Pima ya kwako.

Jambo la pili ni betri. MGB za kabla ya mwishoni mwa 1967 zilitoka zikiwa na chanya ya betri kwenye bodi, ndiyo maana koili zake ziliandikwa SW (upande wa swichi) na CB (upande wa platini) badala ya alama za chanya na hasi. Waya mweupe huenda SW, na mweupe wenye mstari mweusi hutoka CB kwenda kwenye distributa. Ikiwa kuna aliyeigeuza ili hasi iwe kwenye bodi, waya hizo mbili zinapaswa kubadilishana nafasi, la sivyo plagi zitadai volti nyingi zaidi ili kutoa cheche.

Mjukuu wa Mikindani

Ya Kijapani inasoma omu 1.5, sawasawa na ulivyosema, na chanya bado iko kwenye bodi. Ile ya zamani, yenye SW na CB, imeonekana leo asubuhi ikizuia mlango wa banda la kuku. Nimeifuta nikaipima, inasoma 3.2. Kesho ninaifunga pamoja na ile 40897.