Furushi la .tar.gz linagoma kufunguka kwenye terminali, naombeni msaada

Mwanagenzi01
Wakuu habari. Ni mgeni kwenye Linux, nataka kufungua programu niliyoipakua. Amri nilizopiga (KIUNGO ni anwani ya kupakulia):

`curl -O KIUNGO`
`tar -xfz programu-2.1.tar.gz`

Jibu:

`tar: z: Cannot open: No such file or directory`

Faili lipo, nikipiga `ls` naliona. Nikitanguliza `sudo` (kupiga amri kwa mamlaka ya msimamizi) hali ni ileile. Nakosea wapi?

FundiAmri
Mkuu, lisome hilo jibu polepole. tar inasema haioni faili linaloitwa "z". Herufi f maana yake ni "jina la faili linafuata", kwa hiyo chochote kinachoigusa kwa kulia huchukuliwa kuwa ndilo jina. Iweke mwisho:

`tar -xzf programu-2.1.tar.gz`

x ni kufungua, z ni kulipitisha faili kwenye gzip, programu ya mbano wa .gz. GNU tar, ambayo ndiyo iliyopo kwenye Linux nyingi, hutambua yenyewe aina ya mbano inapofungua, kwa hiyo `tar -xf` peke yake inatosha. Zoea hiyo, maana ukikutana na .tar.xz au .tar.bz2 amri haibadiliki.

Mwanagenzi01
Asante sana. Sasa linakuja jipya:

`gzip: stdin: not in gzip format`
`tar: Child returned status 1`

bi_terminali
Hapo amri iko sawa, shida ni faili lenyewe. Jina kuishia na .gz hakuthibitishi kilichomo ndani. Piga hizi mbili ulete majibu:

`ls -lh programu-2.1.tar.gz`
`file programu-2.1.tar.gz`

Ukiona "gzip compressed data", faili ni la gzip kweli. "XZ compressed data" ni mbano mwingine uliopewa jina lisilo lake, na `tar -xf` italimaliza mradi xz iwe imesakinishwa. Ukiona "HTML document" na ukubwa wa baiti mia chache tu, ulichopakua ni ukurasa wa wavuti.

Mwanagenzi01
Ni HTML document, baiti 154!

bi_terminali
Basi seva ilikuelekeza kwenye anwani nyingine, na curl haifuati maelekezo hayo mpaka uiambie kwa L kubwa:

`rm programu-2.1.tar.gz`
`curl -fLO KIUNGO`

f ya hapa si ile ya tar. Hii inaiambia curl ikatae kuhifadhi ukurasa wa kosa, kama ule wa 404, kwa jina la furushi lako. Ikileta HTML tena, kiungo chako ni cha ukurasa wenye kitufe cha kupakua. Bofya kitufe hicho kwa kulia, nakili anwani yake, utumie hiyo.

Mzamivu
Naongezea. Ukikutana na "unexpected end of file", faili limekatika njiani. `curl -C - -LO KIUNGO` huendelea lilipoishia, kama seva inaruhusu. Watengenezaji wakiwa wametoa namba ya sha256 (alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili), piga `sha256sum programu-2.1.tar.gz` uzilinganishe. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, usilifungue.

Kabla ya kufungua, chungulia kwanza:

`tar -tf programu-2.1.tar.gz | head`

Mafuriko ya mafaili ndani ya folda yako ya nyumbani yanaudhi mno, na hutokea pale furushi lisipokuwa na folda yake ya juu. Ukiliona la namna hiyo, litengee mahali:

`mkdir kazi`
`tar -xf programu-2.1.tar.gz -C kazi`

Folda ya `-C` lazima iwepo tayari, tar haitakuundia. Na sudo iache kabisa hapa. Ukifungua ukiwa root (msimamizi mkuu), tar hujaribu kurejesha wamiliki walioandikwa ndani ya furushi, ukabaki na mafaili usiyoweza kuyahariri.

Mwanagenzi01
Limefunguka, shukrani! Ila nikiandika jina la programu napata "command not found".

FundiAmri
Terminali haitafuti programu kwenye folda uliyomo. Ingia kwa `cd programu-2.1`, kisha tanguliza nukta na mkwaju: `./programu`. Ikijibu "Permission denied", piga `chmod +x programu`. Kama umefungulia kwenye flashi ya FAT32, chmod huenda isisaidie, kwa sababu mfumo huo hauhifadhi ruhusa za Linux. Hamishia furushi kwenye diski ya kompyuta ulifungue upya. Ukikuta faili la `configure` badala ya programu, umepakua msimbo asilia: soma README na INSTALL kwanza, kila mradi una utaratibu wake wa kuujenga.