Barbados: nimelipia samaki panzi, nikaletewa samaki wa barafu. Huu ni wizi na nausema waziwazi

Wakuu, salaam.

Nina wiki tatu tangu nirudi na nilisema hasira ipoe kwanza ndipo niandike. Haijapoa. Acha niandike hivyo hivyo, maana najua humu wapo wanaodunduliza hela zao waende visiwa vya Karibi, na sitaki mwingine afanyiwe nilichofanyiwa.

Mimi ni mtu wa Tanga, kwa sasa niko Uingereza, nafanya kazi hospitali na likizo yangu ni ya kuhesabu siku. Marehemu baba alikuwa mvuvi wa jarife, na mama alikaanga samaki pale Deep Sea, soko la samaki la Tanga, mpaka magoti yalipomshinda. Naeleza haya mjue kwamba nilipokaa mezani sikuwa mtu wa kubahatisha. Samaki aliyelala kwenye friza miezi namjua mdomoni kabla sijameza.

Mama watoto ndiye aliyechagua Barbados. Tuliweka akiba miezi kumi na minne. Mimi kilichonivuta ni chakula kimoja tu, chakula chao cha taifa: cou-cou na flying fish. Cou-cou ni unga wa mahindi wa njano unaosongwa na maji ya bamia pamoja na bamia zenyewe, kwa mwiko bapa wa mti, mpaka uwe laini na kuteleza. Flying fish ni yule samaki arukaye juu ya maji, sisi pwani tunamwita panzi. Wenyewe wanamthamini hadi wamemtia kwenye sarafu yao ya dola moja. Chakula hicho kilitengenezwa na watu waliotolewa Afrika Magharibi kwa nguvu wakapelekwa kulima miwa, wakasonga walichopewa na kuvua walichoweza. Nilitaka kukila kwa heshima hiyo.

Siku ya pili tukaenda mgahawa mmoja pwani ya magharibi, upande wa Holetown. Jina silitaji. Menyu imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba hiki ndicho chakula halisi cha kisiwa, samaki wa leo, kutoka kwa wavuvi wetu. Bei dola 98 za Barbados. Kwa asiyejua, dola zao mbili ni dola moja ya Marekani tangu mwaka 1975, kwa hiyo hizo ni dola 49 za Marekani kwa sahani moja.

Sahani ikaja. Nikamwona samaki, nikaweka uma chini.

Panzi ni samaki mdogo, hazidi sana kiganja na nusu. Minofu yake ni myembamba. Akishatolewa miiba, pande mbili hubaki zimeshikana kama kitabu kilichofunguliwa, kisha kwa cou-cou hukunjwa na kupikwa taratibu kwenye mchuzi wa nyanya, vitunguu, zaatari, ndimu na pilipili. Nilicholetewa mimi ni kipande kimoja kinene cheupe, kimekatwa kwa mashine pembe zote sawa, kinatoa maji. Hakina ladha ya bahari hata kidogo. Samaki wa kufugwa wa maji baridi, wa kwenye boksi, kamwagiwa mchuzi juu.

Nikamwita mhudumu, kijana mpole, nikamuuliza kwa utaratibu: "Kaka, huyu ni flying fish?" Akasema ndiyo. Nikamuuliza ametoka mashua gani, ameshushwa ufuko upi. Akaangalia chini, akaenda kumwita meneja. Meneja akaja na tabasamu, akasema flying fish huwa hapatikani msimu huu, wanatumia "samaki mweupe wa kiwango hicho hicho", na kwamba wageni wengi hawalalamiki.

Ilikuwa Februari! Msimu wa panzi Barbados ni kuanzia Desemba hadi Juni hivi. Mtu ananiambia usoni kwamba hakuna msimu, katikati ya msimu. Na hata kama kweli siku hiyo hakupatikana, kwa nini menyu isifutwe? Kwa nini nisiambiwe kabla ya kuagiza? Mama yangu akikosa samaki alikuwa anasema "leo hakuna, mwanangu, njoo kesho", na mteja anarudi kesho. Hapa nimelipa bili kamili, na asilimia 10 ya huduma wameshaiweka wenyewe.

Kinachoniuma zaidi ya hela ni kwamba najua wavuvi wa kisiwa kile wanapitia nini. Tangu 2011 mwani wa sargasso umekuwa ukija kwa mafungu makubwa, unaziba fukwe, unanasa kwenye nyavu na injini, na mavuno ya panzi yamepungua. Mwaka 2004 walikamatwa wakivua karibu na Tobago, kesi ya mpaka wa bahari kati ya Barbados na Trinidad na Tobago ikaenda kwenye usuluhishi, na Aprili 11, 2006 mpaka ukachorwa lakini wavuvi hawakupewa haki ya kuvua upande ule. Serikali zikaambiwa zijadiliane. Kisha Julai 1, 2024 kimbunga Beryl kikapita kusini mwa kisiwa na mawimbi yakasaga mashua zilizofungwa kwenye bandari ya wavuvi ya Bridgetown, mji mkuu, nyingine zikazama. Watu wamepoteza chombo na riziki. Halafu mwenye mgahawa, mita mia chache kutoka ufukweni, anatumia jina la samaki wao kuuza boksi la friza. Anayeibiwa hapo si mimi peke yangu.

Sasa nije kwenye hizi orodha za mtandaoni, "migahawa 10 bora ya samaki wa kienyeji". Kabla ya safari nilisoma nyingi. Zinarudia majina yale yale, picha zile zile, na hakuna hata moja inayosema samaki anatoka wapi. Ule mgahawa ulikuwa wa tatu kwenye orodha mojawapo. Hoteli yetu nayo ilitupa karatasi ya mapendekezo. Nikawauliza mapokezi: nyinyi wenyewe mkitoka kazini mnakula samaki wapi? Dada wa pale akacheka kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi? Mimi siendi huko." Hakuruhusiwa kutuelekeza kwingine. Tukaambiwa rasmi kwamba kutoka peke yetu kwa magari ya abiria "hatushauriwi".

Tukatoka. Gari lao dogo la abiria linaitwa ZR, jeupe lenye mstari wa rangi ya damu ya mzee, muziki juu, konda anaita abiria. Mtu wa daladala au matatu hana la kufundishwa. Nauli dola tatu na nusu popote uendapo. Hakuna aliyetugusa wala kutuibia. Aliyetuibia alikuwa amevaa tai.

Ijumaa tukaenda Oistins, upande wa kusini. Kila mtu anaitaja, na wapo wanaoiponda kwamba imekuwa ya watalii. Nitasema ukweli wangu: usiku wa Ijumaa mabasi ya mahoteli yanamwaga watu, foleni ndefu, bei imepanda, na vibanda vingine vinachoma samaki kwa haraka mpaka anakauka. Lakini soko la samaki lipo pale pale kando, na vibanda vingi bado vinanunua hapo. Siri ni kufika saa tisa, saa kumi jioni, kabla ya umati. Simama sokoni. Utaona akina mama wakitoa miiba panzi kwa kisu kidogo, kasi ambayo jicho halifuati; samaki yule ana miiba mingi kama nywele na mama anaitoa yote bila kupasua mnofu. Nilisimama pale karibu saa nzima. Mama mmoja akaniuliza natazama nini, nikamwambia mama yangu alikuwa anafanya kazi ya samaki Afrika. Akanivutia ndoo nikae.

Huyo mama ndiye aliyetusaidia. Nikamweleza yaliyonikuta, akakasirika kuliko mimi. Akasema, mwanangu, nenda kwenye rum shop. Hapo ndipo nilipopata jibu ambalo hakuna orodha iliyonipa. Rum shop ni kiduka cha mbao kilichopakwa rangi kali, kinauza vinywaji, wazee wanacheza domino, na nyuma kuna mama na sufuria zake. Kisiwa kizima ni kama kilomita 34 kwa 23, na viduka hivi viko kila kijiji. Mimi situmii pombe na hakuna aliyenilazimisha. Niliagiza mauby, kinywaji cha magome ya mti, kitamu kisha kichungu.

Alituelekeza Six Men's, kaskazini ya Speightstown, ambako mashua zinavutwa hadi kando ya barabara. Pale nikala panzi halisi kwa mara ya kwanza, amekaangwa, ndani amepakwa kiungo cha kijani cha zaatari, vitunguu majani na pilipili, pembeni shelisheli la kuchemsha. Ndiyo, shelisheli lile lile la Unguja na Tanga. Na pilipili yao ya njano ya haradali, ambayo msiichukulie kirahisi. Sahani dola 30. Niliona mashua, niliona ndoo, na mama alinionyesha samaki kabla ya kumtia kwenye mafuta bila kuombwa.

Alhamisi iliyofuata tulipanda basi la bluu la serikali hadi Martin's Bay, pwani ya mashariki, ambako wafanyakazi wa Bridgetown huenda kula samaki mchana. Mama watoto akala fulusi. Wanaoenda muelewe hapa: huko fulusi huitwa "dolphin" kwenye vibao vyote. Si pomboo. Mama watoto aliposoma kibao mara ya kwanza machozi yalimlenga, na mhudumu wa mgahawa wa kwanza hakujishughulisha kueleza.

Kwa hiyo nikupe nilichojifunza kwa hela yangu. Uliza jina la samaki, kisha uliza ameshushwa wapi na lini. Anayeuza wa kweli atakujibu kabla hujamaliza swali, tena atakupa na jina la mashua. Omba kumwona akiwa mzima au mnofu mbichi. Ukiona menyu ina samaki wale wale kumi kila siku ya mwaka, ondoka. Bahari haipangwi hivyo. Ukiambiwa "leo hakuna", mshukuru huyo mtu na umwulize kuna nini. Mimi Martin's Bay niliambiwa panzi hakuna, kuna fulusi na nduaro, na nilikula vizuri bila kinyongo.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu.

Aliyesema "samaki ni samaki, ulishiba?" Hapana mkuu. Ukiuziwa kanga ukaletewa leso ya nailoni hutasema nguo ni nguo. Nimelipia jina, nidai jina.

Aliyesema migahawa haina jinsi kwa kuwa samaki wa ndani hawatoshi: nakubali kwamba hawatoshi, na kisiwa kinaagiza samaki wengi kutoka nje. Hilo wala si jambo geni. Chewa wa chumvi (Wazungu humwita cod) kutoka Canada waliletwa huko tangu zama za utumwa, wale duni kabisa ndio waliopewa watumwa, na leo kitumbua cha chewa yule ni chakula chao cha kujivunia. Lakini kitumbua kile kinaitwa fishcake cha saltfish, kila mtu anajua ni chewa, hakuna anayemwita panzi. Uza cha nje kwa jina lake na bei yake. Sina ugomvi hapo.

Dada aliyeuliza kama nitataja jina la mgahawa: sitataja humu. Nimewaandikia wenyewe barua pepe, nimeambatisha picha ya sahani, picha ya menyu na risiti, na nimedai warudishe dola 98 au waibadilishe menyu. Kati ya hayo mawili ningependa la pili. Leo ni siku ya kumi na moja hawajajibu. Wakijibu, nitaweka jibu lao hapa hapa neno kwa neno.