Marekani ya 1898: mkoloni kama wengine, au tumwite jina lingine?

Mwalimu wa Zamu (Moshi)
Juzi darasani nilisema Marekani nayo ilikuwa dola la kikoloni, vijana wakacheka. Ramani waliyoizoea ina Waingereza, Wajerumani, Wafaransa, Wareno na Wabelgiji, Mmarekani hayumo. Nikawaambia tazameni mwaka mmoja tu, 1898. Februari 15 manowari ya Marekani, Maine, inalipuka bandarini Havana, Cuba, wanaume zaidi ya 250 wanakufa. Aprili ni vita na Hispania. Mei 1 kamanda wao Dewey anaziteketeza meli za Kihispania katika ghuba ya Manila. Julai Hawaii inamezwa. Desemba 10, mjini Paris, Hispania inaachia Puerto Rico na Guam, na Ufilipino inakabidhiwa kwa dola milioni 20. Wafilipino walikuwa wameshatangaza uhuru wao tangu Juni 12, lakini mezani hawakuwekewa kiti.

Swali: huu ni ukoloni uleule tuliotawaliwa nao sisi, au ni kitu kingine? Leteni hoja, Jumatatu narudi darasani.

Muuguzi Houston
Mwalimu, haulingani. Kabla hata ya vita kuanza Bunge lao lilijifunga kwamba Cuba haitachukuliwa, na 1902 Wacuba wakapandisha bendera yao. Na Wamarekani wenyewe walipinga kwa sauti. Mwaka huohuo wa 1898 iliundwa jumuiya ya kupinga ubeberu kule Boston. Tajiri Carnegie alikuwemo, mwandishi Mark Twain akajiunga baadaye. Mkataba wa Paris ulipita Seneti kwa kura 57 dhidi ya 27, na ulihitaji theluthi mbili. Maseneta wawili tu wangegeuka, ungeanguka. Niambieni ni bunge gani la Ulaya lililofika karibu hivyo kukataa koloni.

Nakuru Mjini
Ulikaribia kuanguka ila haukuanguka, na Wafilipino waliopigana na mtawala huyo mpya walizikwa kwa hesabu ya zile 57. Halafu hiyo Cuba: 1901 walilazimishwa kuandika kwenye katiba yao kwamba Marekani ina haki ya kuingilia kati itakapoona inafaa. 1903 wakaikodisha Guantanamo, na mpaka leo mpangaji hajatoka. Uhuru wa namna hiyo, dada, hata baba yangu asingeuita uhuru, naye alizaliwa kwenye shamba la mzungu.

Na Hawaii haikuanza 1898. Ni Januari 1893, askari 162 wa Marekani wanashushwa kutoka meli yao ya kivita iitwayo Boston, kesho yake Malkia Liliʻuokalani hana kiti. Nyuma ya mapinduzi hayo walikuwa wenye maslahi ya miwa, ambao soko lao la sukari lilivurugwa na sheria ya ushuru ya 1890. Watu wa Hawaii zaidi ya 21,000 walitia saini kupinga kumezwa. Bado wakamezwa.

Bi Mkarafuu (Unguja)
Nyinyi mnahangaika na visiwa vya mbali. Semeni na tunayoyajua wenyewe. Huku kwetu Mmarekani alikuja mgeni mstaarabu, akabisha hodi. Alinunua pembe, sandarusi, karafuu na ngozi, akatuletea merikani, na jina la nguo hiyo limo midomoni mwetu mpaka leo. Hakutupiga mzinga hata mmoja. Waliotupiga mizinga ni Waingereza, Agosti 1896, na mabaki ya kasri tunayajua yalikokuwa. Mkataba wake na Seyyid Said, wa miaka ya arobaini ile, ulikuwa mtawala kwa mtawala, kwa heshima. Sasa huyo naye mnataka kumwita mkoloni?

Nahodha wa Kibokoni
Bi Mkarafuu, shikamoo. Mwaka umekuteleza. Mkataba ni wa 1833, mjumbe wa Marekani Edmund Roberts aliusaini na Seyyid Said kule Muscat. Wa 1840 ni safari ya meli Sultana, Ahmad bin Na'aman alipotia nanga New York, watu wakajaa gatini kumwona Mwarabu. Konseli wao wa kwanza, Richard Waters wa Salem, aliingia Unguja 1837. Ushuru wao ulifungwa kwenye asilimia 5, usizidi. Heshima ilikuwapo, sikatai, lakini someni na hiyo asilimia 5: mtawala aliyefungwa mkono asipandishe ushuru bandarini kwake mwenyewe.

Mwana Katanga (Lubumbashi)
"Mgeni mstaarabu." Neno hilo nimelisoma mara tatu, na kila mara linanichoma.

Nchi ya kwanza duniani kuitambua bendera ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, juu ya ardhi yetu ya Kongo ni Marekani. Aprili 22, 1884. Mkutano wa Berlin haujaanza, hakuna dola la Ulaya lililokuwa limekubali. Leopold alimtumia Henry Sanford, aliyekuwa balozi wa Marekani Brussels, akazunguka Washington akiwaambia wakubwa kwamba ni kazi ya huruma na biashara huria. Wakaamini, au iliwafaa kuamini. Kilichofuata mnakijua: mpira, na mikono ya watoto iliyokatwa. Kongo hakuja askari wa Marekani hata mmoja. Saini ilitosha. Basi msipime ukoloni kwa kuhesabu mizinga peke yake.

Bi Mkarafuu (Unguja)
Mwanangu, mimi nimesema Unguja, wewe umeniletea Kongo. Nakupa pole kwa yaliyowapata wazee wako, kwa moyo wangu wote. Lakini usinitwishe saini ya Washington.

Nyumba ya Tabora
Basi turudi Unguja hiyohiyo. Merikani ililipiwa kwa nini? Kwa pembe. Na pembe hazikuota kwenye minazi ya Unguja. Zilitoka kwetu Unyamwezi na ng'ambo ya ziwa, zikashuka Bagamoyo mabegani mwa watu, zikavuka bahari mpaka Connecticut kuchongwa vidole vya piano. Nguo ikapanda bara, ikawa ndiyo fedha yetu. Kila mtemi njiani alidai hongo yake kwa nguo. Neno "hongo" wakati huo halikuwa aibu, ilikuwa ada ya kupita. Kwa hiyo msikae pwani mkasema Mmarekani "alibisha hodi" kana kwamba nyuma ya mlango hapakuwa na mtu mwingine.

Nakuru Mjini
Ongeza hili: pamba ya ile merikani ilichumwa na nani? Watumwa weusi wa kusini mwa Marekani. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861 pamba ikakauka, na nguo ya Bombay ikapata nafasi sokoni. Mtu mweusi anachuma huku, mtu mweusi anabeba pembe kule, katikati mfanyabiashara anahesabu faida.

Nyumba ya Tabora
Nakuru, ngoja kidogo. Wapagazi Wanyamwezi wengi walikuwa watu wa ujira. Walijadiliana malipo, waligoma, wengine walifanya safari zao wenyewe. Babu wa babu yangu alikwenda pwani kwa miguu yake na akarudi na mali. Watumwa walikuwapo kwenye misafara, hilo nakubali kabisa. Lakini usituchanganye wote kwenye kapu la kuonewa huruma, linatuudhi kuliko matusi.

Bi Mkarafuu (Unguja)
Nilijua tutafika hapa. Kila mjadala ukianza na mzungu, ukifika ukurasa wa pili ni kosa la Unguja. Sisi ndio tuliofungua mlango, sisi ndio watumwa, sisi ndio pembe. Nimechoka na hayo tangu niko skuli.

Mwalimu wa Zamu (Moshi)
Ndugu zangu, niliuliza habari za Ufilipino.

Nakuru Mjini
Ndiko tunakokuja, Mwalimu, ila mlango umepitia Bagamoyo. Na tukimtaja Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, huyohuyo aliyepigana Cuba 1898, kumbukeni alishuka Mombasa Aprili 1909 kuwinda, na msafara wake ukaondoka na wanyama na wadudu zaidi ya 11,000 kwa ajili ya makumbusho ya Washington. Babu zetu wakiwinda kwenye ardhi yao waliitwa majangili.

Muuguzi Houston
Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa zamu ya usiku, na zamu yenyewe imenibadilisha jambo moja.

Kwenye wodi yangu Wafilipino ni wengi. Shule za uuguzi za Kimarekani zilifunguliwa kwao mwanzoni mwa karne iliyopita, ndiyo maana mpaka leo hospitali za huku zinawategemea. Mmoja ni mtu wa kisiwa cha Samar. Nikamsimulia mjadala huu, nikijua atakuwa upande wangu. Akaniuliza kama nimesikia habari za Balangiga, kijiji cha huko kwao. Septemba 28, 1901, wanakijiji waliwavamia askari wa Marekani wakiwa mezani asubuhi, wakawaua zaidi ya 40. Jenerali Jacob Smith akaamuru Samar igeuzwe nyika na auawe kila anayeweza kushika silaha. Alipoulizwa umri, akasema kuanzia miaka 10. Askari wakabeba kengele za kanisa kama nyara. Zimerudi Desemba 2018. Alisema bibi yake alikufa akizisubiri, machozi yakamtoka, nami nikalia naye chumba cha dawa.

Wanangu wamezaliwa huku. Nilipoanza kuandika juu nilikuwa nawatetea wao. Nasimama kwenye hoja yangu ya Boston, kwa sababu wale watu walikuwapo na walisema kweli. Lakini "haulingani" nimelifuta. Mtoto wa miaka 10!

Mwana Katanga (Lubumbashi)
Asante, dada. Na mpe pole huyo mwenzako, mwambie imetoka Lubumbashi.

Nahodha wa Kibokoni
Sasa nirudi kwa Bi Mkarafuu, maana neno lake "mtawala kwa mtawala" limenikaa. Kusini ya Ufilipino kuna visiwa vya Sulu, Waislamu, na walikuwa na sultani wao, Jamalul Kiram. Agosti 1899 Jenerali Bates wa Marekani alikwenda huko, kisiwani Jolo, akasaini naye makubaliano. Marekani ilikuwa inapigana na jeshi la Aguinaldo, kiongozi wa Wafilipino waliotaka uhuru, kaskazini, haikutaka vita viwili. Heshima zote zilitolewa: dini haitaguswa, sultani atalipwa posho kila mwezi. Machi 1901 Aguinaldo akakamatwa, kaskazini kukaanza kutulia, na 1904 Marekani ikayafuta makubaliano peke yake. Machi 1906, mlima Bud Dajo, mamia ya Wamoro, yaani Waislamu wa huko, waliuawa juu ya kreta, wanawake na watoto wakiwemo.

Hakuna tofauti ya tabia kati ya aliyesaini na Seyyid Said 1833 na aliyekwenda Jolo 1899. Tofauti ni kwamba Unguja alitaka pembe, na pembe aliipata bila kuitawala.

Bi Mkarafuu (Unguja)
Nahodha, hilo la Jolo sikuwa nikilijua. Kwani sultani alisaini nini hasa?

Nahodha wa Kibokoni
Hapo ndipo penye uchungu. Nakala ya Kiingereza ilisema Marekani ina mamlaka juu ya Sulu yote. Nakala ya Kitausug, lugha ya sultani, haikusema hivyo. Yeye alijua amefunga urafiki.

Nyumba ya Tabora
Ni Karl Peters huyohuyo, Usagara, 1884. Machifu wakaweka alama kwenye karatasi ya Kijerumani.

Mwalimu wa Zamu (Moshi)
Nimepata. Jumatatu naziweka Jolo na Usagara ubaoni pamoja, miaka 15 kati yao, na ramani naiacha wazi vijana waipake rangi wenyewe.

Bi Mkarafuu (Unguja)
Basi "mgeni mstaarabu" nimeliondoa. Lakini Tabora naye aliondoe lile la kusema Unguja ndiyo iliyowauza watu wa bara.

Nyumba ya Tabora
Bi Mkarafuu, kwa heshima zote, sikuliandika hilo. Panda juu usome tena.