Nairobi kikazi: Westlands, katikati ya jiji au JKIA kwa mwenye pointi za hoteli?

BintiKigamboni (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam. Naombeni ushauri wa wanaoijua Nairobi na wanaoelewa mambo ya pointi za hoteli.

Mwaka huu kazi itanipeleka Nairobi mara kwa mara, kila safari siku tatu nne hivi. Vikao vingi viko Gigiri kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa, vichache katikati ya jiji. Hoteli nachagua mwenyewe na nalipa mwenyewe, halafu ofisi inanirudishia mpaka kiwango cha posho, zaidi ya hapo ni mfuko wangu. Marriott Bonvoy, mpango wa pointi wa hoteli za Marriott, niko daraja la Gold. World of Hyatt, mpango kama huo wa hoteli za Hyatt, nimejiunga juzi, sina daraja lolote.

Ninazozifikiria: JW Marriott na Hyatt Regency, zote Westlands, Sarova Stanley pale Kimathi Street, wenzangu ofisini wanaisifu sana ingawa pointi zangu hazihesabiki kule, na Four Points ya JKIA, pale uwanja wa ndege, nayo ni ya Marriott, maana ndege ya kurudi huwa ya alfajiri. Lengo langu ni pointi ziwatoe wanangu wawili likizo mwisho wa mwaka, lakini nisiteseke kazini kwa sababu ya kukusanya pointi. Mngekuwa nyie mngeshika ipi?

Mkaazi wa Parklands (Nairobi)

Karibu sana dada. Tuanze na barabara kwanza, pointi baadaye, maana hapa Nairobi barabara ndiyo inayoamua utafika kikaoni ukiwa umetulia au umenuna.

Ukilala Westlands, Gigiri ni kilomita chache tu kupitia Limuru Road, na asubuhi magari mengi yanaingia mjini wakati wewe unatoka. Ukilala katikati ya jiji itabidi upite Museum Hill au Ngara kwenda na kurudi kila siku. Jioni saa kumi na moja, mvua ikiwa imenyesha, pale Museum Hill unaweza kukaa ukitazama taa za breki za gari la mbele mpaka simu ikuishie chaji. Kwa vikao vya Gigiri, mimi singelala mjini.

JKIA nayo isikutishe. Tangu Nairobi Expressway ifunguliwe mwaka 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, mtu wa Westlands anafika uwanja wa ndege bila kugusa Mombasa Road ya chini. Kuna ada ya kulipia barabara, kwa hiyo kubaliana na dereva kabla ya kuondoka nani anailipa. Sioni sababu ya kulala JKIA safari nzima halafu kila asubuhi uvuke jiji kwenda Gigiri. Usiku wa mwisho pekee, hapo sawa.

Mhasibu wa Njiro (Arusha)

Mkazi kamaliza upande wa barabara. Mimi nije kwenye hesabu, maana watu wengi wanapotezwa na namba kubwa.

Chukulia chumba ni dola 150 kabla ya kodi. Bonvoy inatoa pointi 10 kwa kila dola kwenye chapa zake nyingi, na Gold anaongezewa asilimia 25, kwa hiyo utapata 1,875 kwa usiku. Hyatt inatoa 5 kwa dola, yaani 750. Usikimbilie 1,875. Shilingi ya Kenya na shilingi yetu zote ni shilingi, lakini hakuna anayezihesabu moja kwa moja. Pointi nazo ni hivyo hivyo.

Namna ya kuzipima: tafuta usiku unaoutaka wewe, kwenye hoteli unayoitaka wewe, uone bei ya fedha taslimu pamoja na kodi zote na uone wanadai pointi ngapi. Gawanya. Kwa mfano wakidai dola 190 au pointi 25,000, kila pointi inakulipa senti 0.76 ya dola. Fanya hivyo kwa hoteli ya likizo, siyo ya kazini, kwa sababu huko ndiko utakakozitumia. Bonvoy bei yao ya pointi inapanda na kushuka kufuata msimu na wateja. Hyatt wao wamezipanga hoteli kwa makundi ya 1 hadi 8 na jedwali liko wazi, kwa hiyo unaweza kujiwekea lengo ukajua unaelekea wapi.

Jambo la pili ni kodi. Kenya bei ya tangazo na bei ya kulipa zinaweza kupishana sana: VAT asilimia 16, ushuru wa utalii asilimia 2, na hoteli nyingi zinaweka tozo ya huduma asilimia 10. Pointi zinahesabiwa kwenye bei ya chumba kabla ya kodi. Kwa hiyo unapolinganisha na kiwango cha posho, linganisha jumla ya mwisho, usiangalie namba ya ukurasa wa kwanza.

La tatu, ambalo naona hujalitaja: kifungua kinywa. Gold ya Bonvoy haikupi kifungua kinywa. Inakupa hizo asilimia 25, kutoka chumbani saa nane mchana ikiwa nafasi ipo, na chumba bora kidogo kikipatikana. Kifungua kinywa kinaanzia Platinum, usiku 50 kwa mwaka, tena kama zawadi ya kuchagua kwenye chapa nyingi. Hyatt ndiyo kabisa, mpaka uwe Globalist, usiku 60. Sasa wewe unayelala siku tatu nne kila safari, chai ya asubuhi ya kulipia kila siku kwenye hoteli kubwa inakula pointi zote ulizopata usiku ule na kuzidi. Tafuta bei yenye kifungua kinywa ndani yake, ndiyo uilinganishe.

Abuu Shangani (Zanzibar)

Dada umesema wanao wawili na likizo. Mimi nasema Hyatt, na sababu yangu iko hapa nyumbani.

Park Hyatt ya Zanzibar ilifunguliwa 2015, iko Shangani, na sehemu yake moja ni lile jumba la kale la Mambo Msiige. Kutoka Dar ni boti tu, hakuna tiketi ya ndege kwa watu watatu. Watoto jioni unawachukua mnatembea kwa miguu mpaka Forodhani, wanawatazama vijana wanavyojirusha baharini kutoka ukutani, kisha mnakula urojo mnarudi kulala. Bei yake ya fedha taslimu msimu wa watalii ni kubwa, ndiyo maana pointi zina maana pale kuliko kwenye chumba cha bei ya kawaida.

Halafu Hyatt wana mpango wa kulala kwenye chapa zao tofauti: ukifikisha tano wanakupa usiku mmoja wa bure kwenye hoteli za kundi la 1 hadi 4. Nairobi Westlands wana Hyatt Regency na pia Hyatt House. Hapo ushapata mbili kwa safari za kazi. Na ukifika usiku 30 kwa mwaka unapata mwingine kama huo. Kilimanjaro ya pale Kivukoni nayo ni Hyatt Regency, kwa hiyo hata kikao cha Dar kikikulaza hotelini hupotezi kitu.

Nakasero (Kampala)

Abuu, Zanzibar nakubali, lakini dada tayari ana Gold ya Marriott. Kuanza upya kwingine ukiwa na usiku kidogo kwa mwaka ni kujigawa vipande viwili, na ukijigawa hufiki popote.

Mimi kazi inanizungusha Afrika Mashariki yote, na Bonvoy ndiyo inayonifuata: Sheraton hapa Kampala, Protea Entebbe kwa ndege za usiku, Kigali Marriott, Four Points Arusha kwenye ile Arusha Hotel ya zamani, Four Points New Africa hapo Dar. Ukipata safari mbili tatu nje ya Nairobi, usiku wako wote unahesabika sehemu moja. Na ukitumia pointi kwa usiku tano mfululizo, mmoja haulipii. Kwa familia hiyo ni kubwa.

JW Marriott Nairobi imefunguliwa 2024 ndani ya majengo ya GTC, kila kitu bado kipya. Ila usiingie na ndoto za kuzipeleka pointi kwenye JW yao ya Masai Mara. Pointi zinazodaiwa kule zitakumaliza.

Mzee wa Kimathi Street (Nairobi)

Wanangu, mnaongea kama Nairobi imeanza Westlands. Naomba niitetee Stanley.

Historia yake inaanza mwaka 1902. Thorn Tree, mkahawa wake, uliitwa hivyo kwa sababu ya mti wa mgunga uliokuwa pale, wasafiri wakiachiana ujumbe kwenye shina lake kabla ya simu za mkononi. Hiyo ni hoteli inayojua kumpokea mgeni. Sasa kumbukeni waliojivunia kadi za kigeni hapa mjini. InterContinental ilifunguliwa 1969, ikafungwa 2020. Hilton, lile jengo la mviringo ambalo kila mtu alilitumia kuelekeza mgeni, lilifunguliwa mwaka huo huo wa 1969 na likafunga milango mwisho wa 2022. Mwenye pointi za Hilton aliyezoea kushuka Mama Ngina Street leo anapelekwa Mombasa Road karibu na uwanja wa ndege, au nje ya katikati ya jiji.

Kwa hivyo binti, siku ambazo vikao vyako viko mjini, lala mjini. Toka mlangoni, tembea kwa miguu mpaka KICC, kile kituo cha mikutano, rudi upumzike mchana. Saa mbili za maisha yako zina thamani kuliko pointi elfu moja.

Mkaazi wa Parklands

Mzee hapo kwa siku za mjini sina ubishi. Ila usiku ukiingia, dada akitaka kutembea kwenda kula chakula cha jioni, Westlands ana mahali pengi zaidi pa kuchagua hatua chache kutoka hotelini.

BintiKigamboni

Nashukuru sana, mmenifungua. Maswali mawili. Kuna tovuti za kuweka nafasi ambazo nazikuta na bei ya chini kidogo kuliko ya hoteli yenyewe, pointi zinaingia? Na kuna safari moja ambapo mwandaaji wa kongamano ndiye anayelipia vyumba vyote, hiyo nayo itanihesabia?

Mhasibu wa Njiro

Tovuti za watu wa kati kama Booking.com au Expedia: pointi hupati, na mara nyingi hata usiku wenyewe hauhesabiki kwenye daraja lako. Weka nafasi kwenye tovuti au programu ya hoteli yenyewe, ukiwa umeingia kwa akaunti yako. Wanachama wana bei yao ya chini pale, na mara nyingi tofauti na tovuti za nje inaisha. Ukikuta tofauti bado ni kubwa, chukua ya bei rahisi bila kujilaumu. Dola 25 mkononi ni bora kuliko pointi za dola 13.

Kongamano: chumba kikilipwa na mwandaaji kwa ankara moja ya wote, mara nyingi pointi za chumba hazikufikii. Mwulize mwandaaji kama anaweza kukuacha ulipe mwenyewe kwa ile bei yao maalumu halafu akurudishie.

Dawati la Mbele (Mombasa)

Mie nafanya kazi mapokezi, hoteli siitaji. Naongeza yale ninayoyaona kila siku kaunta.

Jina kwenye akaunti yako liwe sawa na la pasipoti, herufi kwa herufi. Wageni wengi wa Tanzania wana majina matatu kwenye pasipoti na mawili kwenye akaunti, basi mfumo unawakataa na pointi zinaelea. Ukifika, usiulize tu "namba yangu mnayo?" Mwombe karani akuoneshe kwenye karatasi ya usajili unayoweka sahihi, namba ya uanachama huwa imeandikwa hapo. Kama haipo, iandikwe ukiwa umesimama papo hapo.

Kutoka kwa kuchelewa omba usiku wa kuamkia siku ya kuondoka, siyo asubuhi. Asubuhi orodha ya usafi wa vyumba ishagawanywa, na hata karani akikupenda hawezi tena. Na ankara ya mwisho usiitupe mpaka uone pointi zimeingia, kwa sababu ndiyo utakayodaiwa ukilalamika. Ofisi yako pia itaitaka, basi piga picha mbili.

BintiKigamboni

Nimekaa nikafungua zote kwa tarehe za safari ya kwanza, bei zenye kifungua kinywa na kodi zote ndani. Nimeamua hivi: safari za Gigiri nalala JW Marriott Westlands, kwa sababu Gold ninayo na bei inaingia kwenye posho kwa tarehe nyingi. Ikivuka posho naangalia Hyatt House kabla sijaongeza hela zangu. Safari yenye vikao vya mjini tupu naenda Stanley, mzee wangu umeshinda. Usiku wa mwisho kabla ya ndege ya alfajiri, Four Points JKIA.

Abuu, Zanzibar bado naitaka. Pointi zisipofika nitailipia kawaida, ila msimu wa mvua.

Je, kuhamia Four Points usiku wa mwisho hakunipunguzii kitu kwenye daraja?

Nakasero

Hakupunguzi. Bonvoy wanahesabu usiku, hawahesabu idadi ya mara ulizoingia hotelini. Usiku tatu JW na mmoja Four Points ni usiku nne. Weka nafasi mbili tofauti, zote kwa namba yako.

Abuu Shangani

Mvua za masika hoteli nyingi huku zinashusha bei, hasa Aprili na Mei. Lakini shule za Bara zina ratiba yake, angalia kwanza likizo ya watoto inaangukia wapi kabla hujalipa chochote kisichorudishwa.