Naomba ushauri: mwizi wetu ameshindwa kufungua kufuli, sasa mchezo unavunjika

msimulizi_southb
Habari zenu wakuu. Ni saa saba usiku na usingizi umekataa. Tuko watu watano, tunacheza Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa dadu) kwangu South B kila Jumamosi, mwaka wa pili huu. Mimi ndiye mwendeshaji, yaani msimulizi na mwamuzi. Jumamosi iliyopita mwizi wa kikundi, ngazi ya 3, alitaka kufungua kufuli la ghala. Ana jumlisha 9, yaani ujuzi wake unaongeza 9 kwenye dadu ya pande ishirini, na ugumu, ile jumla ya kufikia ili afaulu, niliuweka 15. Dadu ikaleta 3. Jumla 12, ameshindwa, walinzi wakasikia, wakaja, mhusika akafa. Mchezaji akasimama akasema huu ni upuzi, fundi aliyeiva hashindwi na kikufuli kama hicho. Akaondoka chai ikiwa nusu kikombe.

Swali langu ni moja tu: hivi vipimo vya ujuzi vina uhalisia wowote? Nimeshaandika sheria zangu mpya, kurasa kumi na moja, tuache dadu ya pande ishirini tutumie tatu za pande sita. Nataka kuzitangaza Jumamosi hii.

hesabu_na_chai
Mimi hufundisha hesabu, kwa hiyo vumilieni. Huyo mwizi wako anashindwa akipata 1 hadi 5, yaani robo ya majaribio yote. Sasa chukua mtu ambaye hana ujuzi wowote, jumlisha 0, kwa jambo la ugumu huohuo: anafaulu kuanzia 15 hadi 20, asilimia 30. Bingwa anakosa mara moja kati ya nne, mbumbumbu anapata karibu mara moja kati ya tatu. Ukiangalia mlango wa kusukuma kwa nguvu ndiyo kichekesho kabisa. Mbabe wa jumlisha 5 na mchawi wa kutoa 1, ugumu 15: kama mara moja katika kila milango tisa, mbabe ataugonga bure kisha mchawi mwembamba ausukume ufunguke.

Ni kwa sababu dadu moja ni tambarare. 1, 10 na 20 zote zina asilimia 5. Dadu tatu za pande sita zina njia 216 za kuanguka. 10 inapatikana kwa njia 27, 18 kwa njia moja tu. Ukiacha ugumu uleule 15, mwizi wako anapanda hadi asilimia 95 na yule asiyejua anashuka hadi 9. Kwa hesabu tupu uko sawa. Ila meza yenu itapoa, maana mwizi akifika kwenye kufuli hakuna atakayeshika pumzi.

fundi_wa_grogan
Mimi sichezi hizo vitu, kijana wangu ndiye anacheza, lakini hapo kwa "fundi hashindwi" nimecheka hadi mke akaamka. Niko chini ya magari miaka kumi na minne. Juzi Probox imeingia, kazi ya nusu saa, kubadilisha breki tu. Nati ya kwanza imetoka, ya pili imetoka, ya tatu ikakatika na shingo. Kutu. Mwenye gari amesimama hapo mikono kifuani kama mkaguzi. Nimemaliza saa mbili usiku. Sikuwa nimesahau kazi yangu, nati ndiyo ilikuwa imeoza. Na usiniulize kuhusu wateja wanaokuja na vipuri vyao kwenye karatasi ya nailoni, hiyo ni hadithi ya siku tatu.

ndugu_wa_alfajiri
Ndugu yangu, mtu mzima saa saba usiku analia kwa sababu ya mwizi wa kuwaziwa. Kuna mchawi, kuna mwizi, na dadu nayo ni chombo cha kamari. Huoni unachofungulia mlango nyumbani kwako?

kalongo
Ndugu wa alfajiri, mlango ndio umekataa kufunguka. Soma uzi.

pini_tano
Uhalisia hauko kwenye idadi ya dadu. Mwaka 1851, wakati wa maonyesho makubwa ya London, Mmarekani A. C. Hobbs alifungua kufuli la Chubb kwa kama dakika 25. Halafu akaenda kwa la Bramah, lililokaa dirishani miaka na miaka na ahadi ya ginea 200 (pesa za Uingereza za zamani) kwa atakayeliweza. Lilimchukua kama saa 51, zikagawanywa katika siku 16. Alikuwa mtu yuleyule na ujuzi uleule, na alifaulu yote mawili. Kilichobadilika ni muda. Kwa hiyo mwizi mwenye jumlisha 9 usimuulize kama anaweza, anaweza. Muulize atakuwa amechuchumaa hapo kwa muda gani, na mlinzi anapita baada ya dakika ngapi. Toleo la mchezo huu la mwaka 2000 lilikuwa na kanuni hiyo kabisa: kama huna haraka na kukosea hakukuumizi, hesabu dadu imeleta 20 moja kwa moja, ila kazi ikule muda mara ishirini. Bila haraka na bila hatari, dadu ikae mfukoni.

Lakini kuna kitu kinaniwasha. Umeandika "dadu ikaleta 3". Nani aliirusha?

msimulizi_southb
Asanteni wote, hasa mwalimu. Kwa hiyo dadu tatu ni sawa kihesabu, ndivyo nilivyowaza. Pini, hilo halina uzito sana. Nilirusha mimi, nyuma ya kadibodi. Mambo ya siri ndivyo tunavyofanya, mchezaji asijue kama amefaulu mpaka aguse mlango.

pini_tano
Siri ya nini? Kufuli likifunguka linajulikana hapohapo.

hesabu_na_chai
Kaka, ilikuwa 3 kweli?

msimulizi_southb
Mnaniuliza kama niko mahakamani.

Sawa. Ilikuwa 14. Jumla 23. Nilisema 3.

Lakini nisikilizeni kabla hamjanirukia. Ndani ya ghala kulikuwa na mfungwa ambaye hadithi yote inamtegemea. Nimeandaa wiki nne. Huyu angefungua, wangemtoa kwa dakika kumi, ningebaki na kurasa tupu. Nilitaka tu wachelewe. Sikukusudia afe, walinzi ndio walirusha vizuri, na hizo nilirusha mbele ya watu. Halafu kuna jambo lingine. Huyo mchezaji ni shemeji, kaka ya mke wangu. Ana kibanda cha kuchonga funguo mjini, makufuli ndiyo mkate wake. Kila kikao ni "shemeji, kufuli halifunguki hivyo, shemeji, springi haiko upande huo." Mbele ya watu, nyumbani kwangu. Mtu anachoka. Na sheria mpya zinamfaa yeye kuliko wote, asilimia 95! Kwa hiyo haki inarudi kwa njia hiyo, sioni haja ya kufukua mambo ya 14.

fundi_wa_grogan
Yaani umepika dadu, sasa unataka kubadilisha dadu.

kalongo
Kurasa kumi na moja ili usiseme neno moja kwa shemeji. Buda.

ndugu_wa_alfajiri
Nilisema.

shahidi_wa_embakasi
Mnapoteza muda, hii stori imetungwa. Ngazi ya 3 na jumlisha 9? Bonasi ya umahiri, ile nyongeza ya ujuzi, hapo ni 2, hata ikirudiwa mara mbili ni 4. Inabaki 5, na jumlisha 5 inatoka kwa mhusika mwenye sifa ya wepesi ya 20. Nani ana 20 ngazi ya 3? Pili, mnacheza kila Jumamosi mwaka wa pili na mko ngazi ya 3 tu? Tatu, amejiunga leo. Kesho utasikia anauza dadu.

hesabu_na_chai
20 inawezekana. Sifa zikirushwa kwa dadu badala ya kugawiwa, ukapata 18, asili ya mhusika ikaongeza 2. Ni nadra, ila si uongo.

shahidi_wa_embakasi
Na shemeji ambaye kwa bahati tu ni fundi wa kufuli? Hata hiyo ni nadra?

kalongo
Kila mtu Nairobi ana shemeji fundi wa kitu. Wangu ni wa friji na friji yangu haigandishi.

fundi_wa_grogan
Mtu anayetunga angejitungia sifa. Huyu amejianika.

msimulizi_southb
Sitaki kubishana na shahidi. Nimejiunga leo kwa sababu leo ndiyo nimekwama. 18 alirusha mwenyewe mezani, tukapiga makofi. Na tuko ngazi ya 3 kwa sababu tulianza upya Januari. Kundi la kwanza lilikufa lote pangoni.

Tuachane na hayo. Mke amenikumbusha sasa hivi kwamba shemeji anakuja asubuhi kubadilisha kufuli la lango, tulimwita kabla ya haya yote. Hajanipigia tangu Jumamosi, lakini amemwambia dada yake atakuja. Nimwambie habari ya 14 kabla hajaanza kazi, au akimaliza?

fundi_wa_grogan
Kabla. Akishamaliza, ufunguo wa ziada anao yeye.

hesabu_na_chai
Kabla, na umwekee chai. Ile nyingine hakuimaliza.

kalongo
Akimaliza. Kwanza lango lifungike, hasira baadaye.

pini_tano
Na dadu za pangoni alirusha nani?