Zile "sauti za ndege" za angani ni sauti kweli au tunachezewa?

Waya_Mrefu: Wakuu habari. Jana usiku nimesikiliza klipu ya zile satelaiti mbili za NASA, Van Allen Probes, yaani ni ndege watupu wanalia, kama umelala chini ya mwembe saa kumi na moja alfajiri. Sasa angani hamna hewa, sauti imepita wapi? Au kuna jamaa kakaa na kompyuta anatutungia muziki

mama_spika: Hujachezewa, ila siyo sauti ile, ni mawimbi ya redio. Masafa yake yako chini sana, kilohezi chache tu, na sikio la mtu linafika mpaka kama 20, kwa hiyo kinachonaswa na antena ukikipeleka kwenye spika kinasikika hivyo hivyo. Wanaita korasi. Elektroni zinazozunguka kwenye mistari ya sumaku ya dunia ndo zinayatoa, zaidi upande wa alfajiri. Na usione yanaimba vizuri, hayo hayo ndo yanazisukuma elektroni nyingine mpaka zinakuwa na nguvu ya kuharibu satelaiti, ndo maana wakarusha hizo mbili 2012, zikapiga kazi mpaka 2019.

Fundi AM: Mi napenda za mluzi. Washa redio ya AM mvua inakuja, radi ikipiga si unasikia "krrk"? Basi sehemu ya hiyo krrk inatoroka juu, inafuata mstari wa sumaku mpaka nusu ya pili ya dunia, na njiani masafa ya juu yanatangulia ya chini yanabaki nyuma, ikifika ishakuwa "piiiuuuu". Mtafiti Storey wa Cambridge alilieleza hilo 1953, satelaiti hata moja haijarushwa!! Baadaye satelaiti DEMETER ya Wafaransa (2004 mpaka 2010) ikawa inazinasa huko huko juu, na ikaona hata kituo cha Exmouth Australia kinachoongea na nyambizi kwa kilohezi 19.8 kinazidondosha elektroni kutoka kwenye mkanda wa mionzi, yaani zile zilizonaswa na sumaku ya dunia huko juu.

Waya_Mrefu: Duh. Kwa hiyo nikitandika waya hapa Moro nasikia mluzi?

Fundi AM: Ngumu mkuu. Huku kwetu ikweta mistari ya sumaku imelala, haiingii ardhini wima kama kaskazini, mluzi kukufikia ni bahati. Krrk utapata hadi uchoke. Ila kaa mbali na nyaya za umeme, zinanguruma zinafunika kila kitu

Waya_Mrefu: Transfoma iko dirishani kwangu 😭